Siku tuliyopanda meli Durban, na kwa nini napenda kuhesabiwa

Jameni tangu turudi swali ni lile lile, sokoni Kibuye, kanisani, hata kwa boda: sasa nyinyi watu wa Kisumu mna ziwa Victoria lote hili hapa mlangoni, mnapanda ndege mpaka Durban kutafuta meli ya nini? Na mtu akishauliza hivyo anataka nimwambie mambo ya chakula na bwawa la kuogelea. Hayo yalikuwepo na yalikuwa mazuri, lakini mimi nikikaa nikafikiria ile safari ya chama chetu kinachonirudia ni siku ya kwanza, ile siku ya kupanda yenyewe, ambayo wengi wanaiona ni foleni na makaratasi tu. Mimi siku hiyo ndiyo niliipenda kuliko zote na leo nataka niseme kwa nini, na nitaisema kwa urefu kwa sababu ina uhusiano na ziwa letu.

Kwanza mjue sisi ni kina nani. Ni chama cha akina mama, wengine wanauza samaki, wengine walimu, kuna nesi mmoja, kuna wawili wastaafu, na mkubwa wetu wote ni Dani mmoja, yaani nyanya kwa Kijaluo, ambaye tunamwita hivyo hivyo tu, Dani, na akisema kitu hakuna anayebishana. Tuliweka pesa pole pole kwa miaka, kando na ile ya mkopo na ya mazishi, tukasema hii ni ya kujifurahisha na haiguswi. Durban tuliichagua kwa sababu tatu hivi: tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza mpaka siku 90 kwa mwaka, pili meli za starehe zinatoka pale msimu wao wa joto, na tatu tulipata ile safari fupi ambayo meli inatoka, inazunguka baharini, inarudi pale pale bila kutia nanga nchi nyingine, kwa hivyo hakuna viza ya pili ya kuhangaikia. Kwa chama ambacho kuna watu pasipoti yao ilikuwa haijawahi kugongwa muhuri hata mmoja, hiyo ilitosha.

Kitu kingine ambacho msisahau kama mnapanga ni homa ya manjano. Ukitoka Kenya, Afrika Kusini wanataka kile cheti cha manjano, na cheti kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo ukichanjwa wiki ya safari haikusaidii. Zuri ni kwamba tangu 2016 sindano moja inahesabika ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Nesi wetu alilisimamia hili kama jambo la nyumbani kwake, alipitia kadi moja moja akiangalia jina kama linafanana na la pasipoti, herufi kwa herufi, maana huku kwetu mtu ana jina la kitambulisho, la kanisa na la kwao.

Tulifika Durban siku moja kabla. Hili nitalirudia kila mtu akiniuliza: usipange ndege ifike siku ile ile ya kupanda. Kisumu mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Johannesburg, Johannesburg mpaka Durban, hapo kuna nafasi ngapi za kitu kuchelewa? Na meli si matatu ya Kondele, haingojei ijae na haingojei wewe. Tulilala karibu na bahari, na usiku ule mweka hazina alipita vyumba na stepla. Zile lebo za mizigo ambazo unaprinti mwenyewe, zina jina lako na namba ya kebini, zinakunjwa zinapigwa stepla kwa mkono wa sutikesi, alipiga yeye mwenyewe kwa kila begi, halafu akaandika kwa daftari lake. Tukawa ishirini na wawili, kila mtu na namba yake. Yangu kumi na moja. Kila mtu na pacha wake pia, yule ambaye mnalala naye kebini moja, ukiitwa unajibu namba yako na unasema pacha wako yuko wapi. Mwanzoni wengine walinung'unika kwamba hii ni shule ya bweni, mwenyekiti akasema nung'unikeni lakini muitike.

Asubuhi tukavaa tisheti zetu za rangi ya machungwa, na Dani akavaa yake juu ya dera, tukaenda bandarini. Tamino ya abiria pale inaitwa Nelson Mandela na ni jengo la maana, safi, lina kivuli. Kila kebini inapewa saa yake ya kufika, na hapo ndipo chama kinaweza kuvunjika, maana mfumo unaweza kuwapa hawa saa tano na wale saa nane. Mwenyekiti alikuwa ameliona mapema na alipokuwa anabuki akaomba kebini zote ziunganishwe kama grupu moja, saa ikawa moja, na meza za chakula zikawa karibu karibu. Ombeni hilo mapema kabisa, mkifika siku yenyewe mtaambiwa kila mtu asimame kwa laini yake.

Mizigo mikubwa inachukuliwa mlangoni na wapagazi na hamuoni tena mpaka ije mlangoni kwa kebini, na inaweza kuja jioni, inaweza kuja usiku. Hapa mmoja wetu alikuwa ameweka dawa ya presha ndani ya sutikesi kubwa. Nesi alimuuliza dawa iko wapi wakati begi tayari liko kwa toroli linasukumwa, na mimi sijawahi kuona nesi akikimbia namna ile, lakini alilipata, likafunguliwa pale pale chini, dawa ikatolewa ikaingia kwa mkoba. Kwa hivyo mkoba wa mkononi siku hiyo ubebe dawa, pasipoti, cheti cha manjano, chaja, miwani, na nguo moja ya kubadilisha. Na pasi ya kunyoosha nguo acheni nyumbani. Mmoja alibeba, mashine ikaiona, ikawekwa kando na karatasi akaambiwa ataichukua mwisho wa safari, na hawakuwa wabaya, wanakuelezea kwamba meli inaogopa moto kuliko inavyoogopa maji. Katikati ya bahari hakuna mahali pa kukimbilia moto ukishika, na hilo mtu wa ziwa analielewa bila kuambiwa mara mbili.

Halafu ndio ikaja ile sehemu yenyewe. Unafika dirishani, pasipoti inaangaliwa, cheti kinaangaliwa, unaulizwa mambo ya afya, unapigwa picha. Unapewa kadi. Ile kadi ndiyo ufunguo wa mlango, ndiyo pesa yako ndani ya meli, na ndiyo wewe. Unapanda lile daraja la kuingilia, mlangoni kuna kijana na mashine, unagusisha kadi inalia, na sura yako inatokea kwa kioo mbele yake, anakuangalia usoni, anaangalia kioo, anasema karibu. Kila mtu. Mzee amelipia sehemu ya juu ya balkoni mbili anagusisha, sisi wa kebini za ndani zisizo na dirisha tunagusisha, mtoto wa miaka mitatu ana kadi yake inaning'inia shingoni anagusishiwa. Ile sauti ya mashine inalia inalia, mbele yangu na nyuma yangu, na mimi nikasimama pale pembeni kusubiri pacha wangu nikajikuta naisikiliza. Maelfu ya watu, na wakati wowote kuna mtu huko juu anajua ni wangapi wako ndani na ni kina nani.

Nitarudi hapo.

Ndani kulikuwa na lifti za vioo, ngazi zinang'aa, muziki, watu wanapotea wanacheka. Kebini huwa hazijawa tayari mapema kwa hivyo kila mtu anaenda bafe, na bafe ya siku ya kwanza ni vurugu, kama unaweza kaa kidogo uende baadaye. Tulipata pap, ambayo ni ugali wa kule, tukaila na nyama na mboga, na Dani akaamua kwamba imesongwa na mtu mwenye haraka lakini inalika. Hapo sina zaidi ya kusema.

Mchana ukaja ule mkutano wa usalama. Mnasoma kwa kadi yenu herufi ya kituo cha kukusanyika, mnakwenda huko kwa miguu bila lifti, na mkifika kadi inagusishwa tena. Mnaonyeshwa laifujaketi inavyovaliwa, mnasikilizishwa king'ora, milio mifupi saba na mmoja mrefu, na mnaambiwa ukisikia huo usirudi kebini kuchukua kitu, njoo hapa. Kuna watu walikuwa wanaona wanapotezewa wakati, wana glasi mkononi, wanataka kurudi kwa bwawa. Na ikatokea kwamba kuna abiria wawili watatu hawajafika kituo chao, basi wakaitwa kwa spika, kwa namba ya kebini, tena na tena, na hakuna aliyeruhusiwa kudharau.

Nilijua kidogo sababu yake, na niliwaambia wenzangu pale pale. Baada ya Titanic kuzama 1912 nchi zilikaa chini zikaandika mkataba wa usalama wa meli, wa kwanza ukatoka 1914, na umekuwa ukirekebishwa kila bahari inapofundisha kitu kipya. Zamani sheria iliruhusu meli ifanye zoezi ndani ya saa 24 baada ya abiria kupanda. Halafu tarehe 13 Januari 2012 meli ya Costa Concordia ikagonga mwamba kisiwa cha Giglio kule Italia, usiku, watu 32 wakafa, na ndani yake kulikuwa na mamia waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo bandari ya Civitavecchia, ambao zoezi lao lilikuwa bado. Yaani watu wanakimbia gizani kwa meli iliyolala ubavu na hawajawahi kuonyeshwa mahali pa kwenda. Sasa tangu Januari 2015 sheria ni kwamba zoezi linafanywa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Kwa hivyo yule mtu mwenye glasi, dakika zake hizo chache zililipiwa na wengine.

Na hapo Dani ndio akaongea. Dani alipanda meli ya ziwa akiwa msichana, kutoka Kisumu mpaka Mwanza, na mamake, kwenda kuona jamaa. Vijana wa sasa hawaamini lakini Kisumu ni mji uliozaliwa na meli, reli ilifika hapa Desemba 1901 pakiitwa Port Florence, na sababu ya reli kufika ni kwamba mzigo ushuke upande meli uende Uganda. Hata MV Victoria, ambayo Watanzania wameikarabati na bado inafanya kazi, ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti ikaunganishwa hapa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Kwa hivyo Dani alipoona ile laifujaketi akaishika akaigeuza geuza, akasema, "Bukoba wangekuwa na hii." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na wangekuwa na majina."

Wale hamjui, MV Bukoba, meli ya Tanzania kwenye ziwa hili hili, ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, imejaa kupita kiasi. Ilijengwa ya abiria 430. Waliokufa ni mamia na mpaka leo hesabu zinatofautiana kwa mamia, na sababu ya kutofautiana ndiyo inaniuma mimi mpaka sasa: orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Aliyelipa kidogo hakuandikwa. Mama aliyekuwa na mkungu wa ndizi na mtoto mgongoni aliingia kama upepo na akaenda kama upepo, na watu wake walikaa ufukweni wanangoja bila hata karatasi ya kuwaambia alikuwa ndani au alibaki. Halafu 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara, huko huko Tanzania, kivuko cha watu 101, na waliokufa peke yao walipita 220. Na hata sisi Kenya tusiseme ni mambo ya jirani, tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa na watu 272 wakafa, na yenyewe ilikuwa imejaza.

Sasa mnaelewa kwa nini ile mashine ya mlangoni ilinigusa. Mimi ni mtu wa Dunga, ufukwe wa hapa Kisumu, nimepanda boti tangu nikiwa sijui kusema vizuri. Najua tunavyopanda. Boti iko pale, konda anaita mmoja zaidi, mmoja zaidi, mwenye magunia ya omena anawekewa magunia juu, laifujaketi ziko lakini zimefungwa kamba chini ya kiti zisiibiwe, mnasonga, injini inawashwa, na ukiuliza nani ameandika majina watu wanakuangalia kama umeleta mkosi. Kuna njia ambazo siku hizi wanaandika, na wanavalisha watu kabla ya kuondoka, na hao nawaheshimu sana, nauli yangu wataipata kila siku. Lakini si wote, na jioni upepo ukianza kule nje ya ghuba, ukishapita Mbita maji yanafunguka, ziwa linabadilika kwa muda mfupi sana. Mvuvi yeyote atakuambia. Boti ikichelewa, wa ufukweni wanaanza kuulizana: kwani nani alipanda? Swali hilo lilitakiwa kuwa na jibu kabla kamba haijafunguliwa.

Na si pesa. Watu wataniambia ile meli ni ya mabilioni na sisi tuna boti ya mbao, unalinganisha nini. Sawa, mashine inayolia hatuna. Lakini kile mashine inachofanya ni kuandika jina na kuangalia sura, na hicho daftari la shilingi hamsini na kalamu linaweza. Mweka hazina wetu amekifanya kutoka Kisumu mpaka Durban bila betri. Kila beach ina BMU yake, ile kamati ya kusimamia ufukwe, ina ofisi hata kama ni ya mabati, ina mtu anayekaa pale anahesabu samaki na anajua kilo kwa kilo nani ameleta nini. Kama tunaweza kuandika mbuta tunaweza kuandika watu.

Basi, jioni meli ikatoka. Tulikuwa deki ya juu sote, rangi ya machungwa kila mahali. Matagi, zile boti za kuvuta meli, yakaivuta kidogo kutoka ukutani, ikageuka polepole, ikaingia ule mlango mwembamba wa bandari, kilima cha Bluff upande wa kulia, na upande wa kushoto watu wamesimama kwenye gati wanapunga mikono kana kwamba wanatujua. Durban wana historia ya hiyo, wakati wa vita vya pili vya dunia kulikuwa na mwanamke, Perla Gibson, alikuwa anavaa nyeupe anasimama bandarini na kipaza sauti anaziimbia meli za wanajeshi zikiingia na zikitoka, wamemjengea sanamu, na malkia wa Uingereza ndiye aliyeizindua 1995. Sisi basi tukaimba pia. Zile za harusi, zile za kanisa, Dani ndiye anaanzisha na sisi tunapokea, na wazungu na Wahindi wa Durban na vijana wa Kizulu wakaja wakasimama na sisi wakapiga makofi, wengine wakapokea sauti bila kujua maneno.

Tukiwa nje ya mlango helikopta ikaja juu ya meli. Watu wakashtuka, lakini kumbe rubani wa bandari, yule anayeongoza meli kutoka, Durban wanamchukua kwa helikopta, ananing'inia kwa kamba anavutwa juu anarudi nchi kavu. Kwa kweli niliona huyo ni mtu wa mwisho kuhesabiwa, mmoja ametoka, na wenyeji wa meli wamebaki na idadi yao kamili.

Baada ya chakula mwenyekiti akaita kikao, pale pale kwenye viti vya deki, ndio nguo zimeletwa tayari na watu wamependeza. Namba zikaitwa moja mpaka ishirini na mbili, zote zikaitika. Halafu Dani akatoa hoja na mimi nikaunga mkono: kuanzia sasa safari yoyote ya chama kwa maji, iwe visiwa vya Takawiri, iwe Mfangano, iwe hata kwenda mazishi Rusinga kwa boti badala ya daraja, majina yaandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa mtu wa ufukweni mwenye simu inayowaka, laifujaketi zivaliwe tukiwa bado nchi kavu, na boti ikikataa au ikiongeza mmoja zaidi juu ya idadi yake chama hakipandi, hata kama tumechelewa, hata kama tumeshalipa. Mmoja akauliza na kama ni boti ya ndugu yake? Dani akasema hasa hiyo. Ikapitishwa na mikono yote, mweka hazina akaandika na tarehe, na ile ya kwanza itatumika Agosti tukienda Takawiri, kwa hivyo wenye boti wa Mbita mnaosoma hapa mjue tunakuja na daftari letu.